Sura ya Sita: Mwangalieni Mwanne

Sisimizi walikuwa wamekufa.

Mkaguzi Msaidizi wa Polisi Dina aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa meza. Kijiko kilikuwa palepale kilipoachwa jana, kando ya kikombe kilichopinduka, na asali iliyobaki juu yake ilikuwa imeganda kama gundi. Sisimizi walikizunguka, wamelala chali, wamekauka. Akageuka kutazama upande wa pili wa chumba, chini ya chujio kubwa. Pale nako asali ilikuwa imedondoka sakafuni, ila sisimizi wa pale walikuwa hai. Walikuwa wamejipanga mstari mrefu hadi ukutani, kila mmoja na haraka zake.

"Asali moja, chumba kimoja," alijisemea.

Hiki kilikuwa kiwanda kidogo cha asali cha Mzee Anuari, mtaa wa Kawajense. Kilikuwa na wafanyakazi wanne tu. Leodgar alitunza stoo, Kauthar alibandika lebo kwenye chupa, na mama Mwanne alisafisha na kuchemsha chai. Wa nne alikuwa Générose, dada kutoka makazi ya Warundi ya Mishamo, mwonjaji wa asali. Ulimi wake ndio ulioamua asali ipi ifungwe kwenye chupa na ipi irudishwe kwa mrina aliyeileta.

Jana asubuhi Générose alikunywa chai, akashika tumbo, akaanguka. Kabla ya kuzimia alisema maneno machache, na kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yameshazunguka Kawajense nzima. *Nimerogwa. Mwangalieni Mwanne.*

Kabla ya giza kuingia, mlango wa mama Mwanne ulikuwa umevunjwa na paa lake limerushiwa mawe. Polisi walimtoa kwa mlango wa uani, wakamweka mahabusu kwa ajili ya usalama wake. Alikuwa bado humo.

Simu ya Dina iliita. Alikuwa Afande Benedikto, mkuu wake wa upelelezi.

"Dina, watu wanazidi kujaa huku getini kituoni."

"Daktari anasemaje, afande?"

"Anatibu kama sumu, lakini hajui ni sumu gani. Vipimo vimepelekwa mbali, majibu si ya leo wala kesho. Sasa nisikilize. Huyu mama siwezi kuendelea kumshikilia bila shitaka. Jioni ama namfungulia kesi ya kujaribu kuua, ama namwachia. Na nikimwachia unajua atafika wapi."

"Hafiki hata kona ya kwanza."

"Basi niletee kitu," alisema Benedikto, akakata.

*

Leodgar aliingia ameshika kofia mkononi. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa vizuri, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Kaka Leodgar, alipoanguka ulikuwa wapi?"

"Hapahapa, afande. Mimi ndiye niliyemdaka."

"Alisema nini? Neno kwa neno."

"'Nimerogwa. Mwangalieni Mwanne.' Basi."

"Basi, ndipo alipozimia?"

"Ndipo alipozimia."

"Nani mwingine alisikia?"

"Kauthar alikuwa kule mlangoni, sidhani kama alisikia. Na hata angesikia, yule na mama Mwanne hawasemeshani."

Dina alitazama rafu ya vyombo. "Nyie mko wanne. Mbona kuna chupa tatu za chai?"

Leodgar alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Ah, afande, hapa kazini kuna mambo! Hiyo nyekundu ni ya Kauthar. Hiyo ndogo yangu. Ya maua ndiyo ya mama Mwanne, anakunywa na Générose. Zamani tulikuwa na chupa moja tu."

"Mkagombania chai?"

"Tuligombania neno. Générose siku yake ya kwanza hapa, mama Mwanne akampa kikombe. Dada wa watu akakishika, hanywi, akasema, 'Mama, onja kwanza.' Mbele yetu wote! Mama Mwanne akamwaga chai chini. 'Mimi mchawi?' Toka siku hiyo hapakukalika. Kauthar akampa jina, Bi Onja. Asubuhi akifika tu, 'Bi Onja, umeonja hewa ya leo?'"

"Na wewe?"

"Mimi mtu wa stoo, afande. Nikaleta chupa yangu."

"Générose alikuwa anatia nini kwenye chai yake?"

Leodgar aliigeuza kofia mkononi. "Sukari, nadhani."

"Iko wapi?"

"Sijui. Mambo ya chai yao mimi siyaingilii."

Dina alisogea dirishani. Kwenye kizingiti cha dirisha, karibu na kiti cha Générose, palikuwa na alama ya duara inayonata, kama pahali paliposimama kichupa kwa siku nyingi. Kichupa chenyewe hakikuwepo. Sisimizi wachache walikuwa wamekufa pembeni ya duara hilo.

Alipita stoo kabla ya kuondoka. Mapipa ya asali yalikuwa yamepangwa ukutani, meupe, safi, isipokuwa mawili ya bluu mwishoni. Ubavu wa yale ya bluu, mahali pa lebo, ulikuwa umekwanguliwa kwa kisu mpaka plastiki ikachubuka.

"Haya ni mapya?"

"Hayo? Ya siku nyingi," alisema Leodgar nyuma yake. "Afande, kama unataka ushauri wangu, watu wa mtaa huu wanamjua mama Mwanne kuliko sisi. Sauti ya wengi ina jambo."

"Sijaomba ushauri," alisema Dina.

*

Hospitalini, Générose alikuwa amelala na dripu mkononi, midomo imekauka. Mdogo wake, Emelyne, alikuwa amefika usiku kwa pikipiki kutoka Mishamo, na vumbi la njiani lilikuwa bado kwenye nyusi zake.

"Pole, mdogo wangu."

"Asante, dada. Amefumbua macho alfajiri, akalala tena. Hajasema kitu."

"Nina maneno aliyosema jana. Nataka unisaidie kuyaelewa. Alisema, 'Nimerogwa.'"

Emelyne alitikisa kichwa, akiafiki. "Ndiyo. Kalishwa sumu."

"Hapana, alisema nimerogwa."

"Ndiyo, dada. Kalishwa sumu." Emelyne alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni. "Kwa Kirundi chetu, mtu akitia kitu kibaya kwenye chakula chako, kakuroga. Na uchawi nao huitwa hivyohivyo, sikatai. Lakini mtu akishika tumbo na kikombe kiko mezani, akasema nimerogwa, sisi tunakimbilia maziwa na hospitali. Hatukimbilii nyumba ya mtu."

Dina alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Jana yote, kituoni na mtaani, hakuna aliyefikiria kwamba lugha ya kwanza ya yule dada haikuwa Kiswahili.

"Na hili jambo la kuonja?"

"Hilo nalo mmemwelewa vibaya. Wazee wetu hawapokei kinywaji mpaka anayewapa aonje kwanza. Si tusi. Ni adabu. Yule anayeonja ni kama anakwambia, kikikupata wewe kitakuwa kimeshanipata mimi. Mwanzo mama Mwanne alikasirika, dada akalia wiki nzima, akataka kuacha kazi. Halafu siku moja mama wa watu akaja na kikombe, akaonja, akampa. Hakusema neno. Toka hapo kila siku anaonja. Dada alinipigia simu: 'Emelyne, sasa kazini nina mama.'"

"Kila siku? Hata jana?"

"Asingeonja, dada asingekunywa."

Mama Mwanne alionja, na mama Mwanne alilala mahabusu akiwa mzima, akawalalamikia askari kuhusu mbu. Kwa hiyo chai ilikuwa salama ilipotoka mkononi mwake. Kilichomdhuru Générose kiliingia kikombeni baadaye.

"Dada yako anatia sukari kwenye chai?"

Emelyne alishangaa swali hilo. "Mwonjaji wa asali atie sukari? Ana kichupa chake dirishani. Kila pipa likifunguliwa anachota kidogo, anajaribia kwenye chai. Anasema asali mbovu hujitangaza kwenye kitu cha moto."

*

Kauthar alikuwa uani kwa kiwanda, ameketi juu ya kreti, akibandika lebo kwenye chupa tupu ambazo hakuna aliyemwagiza azibandike. Hakuinua macho.

"Nimeshawaambia askari wa jana. Mimi sikuona kitu."

"Sikuulizi ulichoona. Nakuuliza ulichosikia."

"Nilikuwa mlangoni."

"Mlango uko hatua chache kutoka mezani, Kauthar."

Msichana alibandika lebo, ikaenda upande. Akaibandua. "Kila mtu anajua alichosema."

"Kila mtu anajua alichosema Leodgar. Wewe na mama Mwanne mligombana nini?"

Hapo Kauthar aliinua macho, na yalikuwa yamejaa maji.

"Mimi ndiye niliyemgombea! Bi Onja alipomwaibisha, mimi ndiye niliyesimama upande wake. Nikamkatia salamu yule dada, nikamtania, nikahama hadi meza. Siku ya siku nakuta wanakunywa kikombe kimoja, wanacheka. Nauliza, mama, vipi? Ananiambia, 'Kauthar, acha utoto.' Mimi ndiye nikawa mbaya! Nimebaki na chuki ambayo haikuwa hata yangu."

"Kwa hiyo ukanuna."

"Tangu mvua zilipoanza sijamwamkia."

"Mtu aliyekulea kazini."

Kauthar aliifinyanga ile lebo aliyoibandua.

Dina alivuta kreti, akakaa karibu naye. Alikuwa na sauti ya kituoni na sauti nyingine ya kawaida, na sasa alitumia ya kawaida. "Mdogo wangu, mlango wa mama Mwanne umevunjwa. Jioni anafunguliwa kesi ya kujaribu kuua au anatolewa getini mbele ya watu wenye mawe. Générose alisema 'Nimerogwa. Mwangalieni Mwanne.' Kisha?"

Kauthar aliweka chupa chini. "'Naye ameonja.'"

"Rudia."

"Alisema, 'Nimerogwa. Mwangalieni Mwanne, naye ameonja.' Alikuwa ananyoosha mkono kuelekea uani. Mama Mwanne alikuwa ameenda kuchota maji."

Dina alifumba macho kidogo. Mwangalieni. Neno hilo hilo mtu humwambia mlinzi kuhusu mwizi, na humwambia muuguzi kuhusu mgonjwa. Yule dada aliyekuwa akianguka hakumshitaki mtu. Alikuwa anaomba rafiki yake awahishwe hospitali.

"Kwa nini hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza. Halafu watu wakaanza kupiga kelele, mchawi, mchawi, na mimi..." Alijifuta pua kwa mkono wa blauzi. "Moyoni nikasema, acha na yeye aonje. Nilijua kesho yataisha. Sikujua watafika kwake."

"Leodgar alisikia maneno yote?"

"Si ndiye aliyekuwa amemshika? Mdomo wa Générose ulikuwa kwenye sikio lake."

"Swali la mwisho. Yale mapipa ya bluu yalikuja lini?"

"Juzijuzi tu. Asali ilikuja nyingi kwa mkupuo, mapipa yakawa hayatoshi. Leodgar akayatafuta huko kwenye mashamba ya tumbaku. Akayasugua siku nzima pale bombani."

*

Dina alipita sokoni akanunua chupa ya asali kwa mama mmoja wa genge, akaimimina kwenye kichupa kidogo kisicho na lebo. Aliporudi, alimwomba Mzee Anuari awaite wafanyakazi wake wawili waliobaki chumba cha kuchujia. Mzee Anuari aliketi mlangoni, tasbihi mkononi, amenyong'onyea.

"Mwanangu afande, mimi nimeshachoka na ugomvi wa humu ndani," alisema. "Niliwaambia wasuluhishane. Kila mmoja akaniambia hana tatizo."

"Tutamaliza sasa hivi, mzee."

Aliweka kichupa mezani, na kijiko safi kando yake.

"Générose hayupo, na kazi inahitaji mwonjaji," alisema. "Hii nimechota mwenyewe sasa hivi kwenye pipa la bluu, lile la mwisho. Kauthar, wewe umekaa na asali miaka. Onja, uniambie ni ya maua gani."

Kauthar alisogea, akiwa bado na aibu ya machozi yake, akiwa tayari kutii chochote. Alichovya kijiko. Asali ilivutika ikawa uzi, ikakatika. Akakiinua.

Dina hakumtazama yeye. Alimtazama Leodgar.

Leodgar alikuwa ametazama sakafu. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kijiko kilipofika usawa wa kidevu cha Kauthar, aliinua kichwa, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mwenye hila.

"Kauthar, usile! Weka chini!"

Alikuwa ameshakivuka chumba. Alikipiga kile kijiko kikaruka, kikagonga ukuta na kulia kama kengele. Tasbihi ya Mzee Anuari ilisimama.

"Kwa nini asile?" aliuliza Dina.

Leodgar alikuwa amemshika Kauthar mkono, anahema.

"Kaka Leodgar. Hii ni asali ya genge, nimeinunua sokoni. Nisingempa mtoto wa watu kitu kibaya. Ila wewe ulijua pipa la bluu lina nini. Lilikuwa na nini?"

"Dawa," alisema kwa sauti ndogo. "Dawa ya wadudu wa tumbaku. Nililisugua, afande. Kwa maji ya moto, kwa sabuni, mara nyingi. Nilidhani inatosha."

"Subhanallah," alisema Mzee Anuari.

"Na kichupa cha dirishani?"

"Nimekitupa chooni. Alipoanguka tu nilijua. Alikuwa ametoka kufungua pipa."

"Jina la dawa?"

Akalitaja. Dina alipiga simu hospitali palepale, akalitaja kwa daktari herufi kwa herufi, akasikia hatua za mtu akikimbia upande wa pili. Kisha akauliza, "Asali hiyo imeshatoka?"

"Pipa moja la bluu lilifungwa kwenye chupa kabla Générose hajalionja; katoni ziko stesheni, zinasubiri treni ya Tabora. Hazijapakiwa. Naapa, nilikuwa natafuta namna ya kuzirudisha."

Mzee Anuari alikuwa ameshasimama, kandambili moja imeachwa mlangoni, anakimbilia pikipiki.

Dina alitoa pingu, lakini hakuzifunga bado. Kulikuwa na jambo moja lililokuwa likimkaa kooni tangu uani.

"Pipa lilikuwa kosa. Ningelielewa. Lakini ulisikia maneno yote. Kwa nini uliyakata?"

Leodgar alikaa chini, pale pale kwenye sakafu yenye asali.

"Sikuyakata kwa kupanga. Watu waliingia wakauliza, kasema nini, kasema nini? Nikaanza kusema. Nilipofika kwenye jina la Mwanne, wakapokea wenyewe. Mchawi! Tulijua! Hata sikupata nafasi ya kumaliza." Alitazama mikono yake. "Halafu nikaona hakuna anayeuliza habari za mapipa. Nikawaacha tu."

"Ukawaacha."

"Nikawaacha tu, afande."

Kauthar alikuwa amejiegemeza ukutani, mkono mdomoni. Hakuna aliyemtazama, na yeye hakumtazama mtu.

*

Jua lilikuwa limeshuka Dina alipofungua mlango wa mahabusu. Afande Benedikto alikuwa ameshatoka getini mara mbili na kipaza sauti, akaeleza habari za pipa. Baadhi ya watu waliondoka. Wengine walibaki, mikono mifukoni, wakinung'unika kwamba polisi wamepewa kitu.

Mama Mwanne alikuwa ameketi kwenye kona, khanga imefunika kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunipeleka mahakamani?"

"Nimekuja na maneno ya Générose. Yote. Jana uliletewa nusu."

Alimwambia. Alipofika kwenye "naye ameonja," mama Mwanne aliishusha khanga usoni. Mabega yalikuwa yakitikisika bila sauti.

"Nimelala hapa nikimlaani," alisema mwishowe. "Usiku kucha. Nikasema, nimekuonjea kila siku kama mwanangu, leo unaniua. Kumbe ananiombea."

"Amefumbua macho tena. Daktari sasa anajua anachotibu. Hajasema kwamba amepona, mama, nisikudanganye."

"Nani alisikia hayo maneno?"

Dina alisita. Angeweza kusema "shahidi." "Kauthar. Yuko pale nje kwenye benchi. Amekuja mwenyewe."

Uso wa mama Mwanne ukafungika kama dirisha. Alisimama taratibu, akajipangusa vumbi, akavaa kandambili zake.

Kwenye benchi, Kauthar alikuwa amekumbatia chupa ya chai ya maua. Aliinuka, akapiga goti.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa ya kwanza tangu mvua zilipoanza. Mama Mwanne alimtazama kutoka juu. Nje ya geti mtu mmoja alipiga mluzi, na mwingine akasema neno ambalo wote watatu walilisikia.

Mama Mwanne hakuitikia ile salamu. Alinyoosha mkono, akaichukua chupa, akaitikisa kusikiliza kama ina kitu.

"Umeipika wewe?"

"Ndiyo, mama."

"Umeonja?"

Kauthar aliipokea tena chupa, akafungua kifuniko, akamimina, akanywa mbele yake. Chai ikamwagika kidogo kidevuni.

Mama Mwanne aliifunga chupa, akaiweka kwapani, akamgeukia Dina.

"Haya, afande. Wewe tangulia pale getini, watu waone tunavyotoka. Nataka nikamwangalie Générose."